Kutoka Machui hadi Pangani: Jina gani utamwachia mwanao?

Katika eneo la Ngamiani, jijini Tanga, barabara nyingi hazina majina ya wakubwa. Zina namba. Ukimuuliza mwenyeji anakaa wapi, atakujibu Barabara ya Saba, ya Kumi au ya Kumi na Mbili, nawe utafika bila kupotea. Namba ina faida zake. Haijisifu, haina wapinzani, na hakuna mtoto wa namba anayekuja kulalamika kwamba baba yake amesahaulika.

Hata hivyo, mkoa huu umezaa mtu mwenye jina kubwa kuliko wengi katika fasihi ya Kiswahili. Ukitaka kuona mtaa ulioitwa kwa jina lake, nenda Dar es Salaam, kwenye Mtaa wa Shaaban Robert yalipo Makumbusho ya Taifa. Ukitaka shule, iko Upanga, hukohuko Dar es Salaam. Ukimtaka mwenyewe, rudi Tanga, shika barabara ya kusini inayokwenda Pangani, ushuke Machui.

Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 50 hivi. Mzazi mwenye siku moja ya mapumziko anaweza kuipita na watoto wake kwa nauli ya kawaida, chupa ya maji na subira kidogo. Njiani kuna minazi, mashamba ya mkonge na vijiji vya wavuvi. Kuna pia vituo vitatu vinavyouliza swali moja ambalo wazazi wengi hulikwepa: mtu akishaondoka duniani, watoto wake hubaki na nini?

Karani tu?

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909 katika kijiji cha Vibambani, jirani na Machui. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaajiriwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi 1944. Baada ya hapo alikuwa kwa muda mfupi katika idara ya wanyamapori, kisha akarejea Tanga kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, na mwishowe ofisi ya upimaji wa ardhi. Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Akazikwa Machui.

Hapo ndipo mtoto huanza maswali.

“Baba, huyu alikuwa rais?”

“Hapana mwanangu. Alikuwa karani.”

“Karani tu?”

Hilo neno “tu” halikuzaliwa na mtoto. Amelisikia nyumbani. Amelisikia pale mama alipomtambulisha jirani kwamba ni mwalimu tu, au baba alipomtaja shemeji kwamba ni dereva tu. Watoto wetu wanajua ngazi za heshima kabla hawajajua jedwali la kuzidisha, na wamezifundishwa na sisi, mezani, tukiwa tunakula wali.

Karani huyu tu aliandika vitabu zaidi ya 20. Aliandika mashairi, insha, hadithi, tawasifu na wasifu. Alihudumu katika kamati za lugha na katika baraza la mji wa Tanga. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na haraka ya kumsifu Mwafrika, ilimpa nishani ya MBE. Mchana alikuwa mtumishi wa watu wengine, mwenye faili, mihuri na mkubwa wa kumuuliza kwa nini amechelewa. Vitabu havikumpunguzia kazi hiyo, na kazi hiyo haikuzuia vitabu.

Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya mwaka 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000. Mpe mtoto wa darasa la sita hesabu hii njiani: mtu akiandika ubeti mmoja kila siku, bila kukosa siku ya mvua, ya msiba wala ya mpira, atamaliza baada ya miaka mingapi? Jibu ni zaidi ya miaka minane. Hakuna anayejua mwandishi alijipangia beti ngapi kwa siku, lakini hesabu inaonyesha jambo ambalo hotuba ndefu haiwezi kuonyesha. Kazi kubwa ni kazi ndogo iliyokataa kuahirishwa.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kwa kawaida methali hiyo hutumika kumsema mlevi au mvuta sigara. Lakini mazoea mema nayo yana taabu yake: yakishakukamata hayakuachii. Mtu aliyezoea kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kula hujisikia mchafu asiponawa, hata kama hakuna anayemtazama. Muuguzi wa kliniki anaweza kubandika mabango ukutani mwaka mzima, lakini mtoto atanawa kama anavyomwona mama yake akinawa, na atapiga mswaki usiku kama baba naye hupiga. Dawa ya mazoea haina kidonge. Ina mfano.

Na tusidhani sifa zilimfuata mtu huyu mbio. Kufikirika, moja ya hadithi zake zinazosomwa sana shuleni, aliiandika katika miaka ya 1940, nayo ilichapishwa mwaka 1967. Kufikia hapo mwandishi alikuwa Machui, kaburini, kwa miaka mitano. Utenzi wa Vita vya Uhuru nao ulitoka mwaka huohuo wa 1967. Angekuwa anaandika ili apigiwe makofi, angeacha mapema sana na kwenda kulala.

Kuna watu leo wanaoweka picha mtandaoni saa mbili usiku, na kufikia saa mbili na robo wameshanuna kwa sababu waliopenda ni tisa tu, na mmoja wao ni shangazi.

Tongoni: majumba ya wasiojulikana

Ukiendelea kusini kutoka Machui utafika Tongoni. Jina lenyewe linaeleza: tongo ni mahame, mahali palipokaliwa na watu wakaondoka. Hapo pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi yake yalikuwa na minara mirefu, na mingi sasa imeanguka. Mji huu ulistawi karne tano na zaidi zilizopita, wakati pwani hii ikifanya biashara na Uarabuni, Uajemi, India na kwingineko.

Kwenye baadhi ya makaburi utaona vishimo vya duara. Humo mlipachikwa vyombo vya kauri vilivyoletwa kwa jahazi kutoka mbali, hata China. Kwa mtu wa zama zile, bakuli la kauri kaburini lilisema maneno yaleyale yanayosemwa leo na gari jipya lililoegeshwa mahali ambapo kila mpita njia ataliona. Lilisema: hapa amelala mtu aliyekuwa nazo.

Vyombo vimeondolewa. Vishimo vimebaki. Sifa iliyobandikwa ukutani huja mtu mwingine akaibandua.

“Bibi, huyu wa kaburi kubwa aliitwa nani?”

Bibi hana jibu, na si kosa lake. Makaburi mengi ya hapo hayana majina yanayojulikana. Watu hao walikuwa na fedha, mafundi na imani. Pengine walipopita sokoni watu waliacha kuzungumza. Walijengewa minara ili wasisahaulike, na mnara ukasimama muda mrefu kuliko kumbukumbu ya aliyelala chini yake. Kutoka kwao mpaka kwa karani wa Machui ni mwendo mfupi wa gari, lakini ni karani ambaye watoto wa shule kutoka Kigoma hadi Mtwara wanamjua kwa jina.

Msomaji asiharakishe kuwacheka wenye minara. Kila penye ukuta wa kale pana mgeni anayetafuta msumari ili aandike “nilifika hapa”. Huyo na mwenye mnara ni ndugu, isipokuwa mwenye mnara alilipia chokaa. Mzuie mwanao asikwaruze jina lake kwenye gofu wala asipande juu ya makaburi kwa ajili ya picha. Mweleze kwamba hawa waliolala hapa nao walikuwa baba na mama za watu.

Bahari iliyo mbele ya pwani hii ina kisa kingine. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipokuwa akielekea Mombasa, merikebu yake moja iliyoitwa São Rafael ilikwama kwenye fungu la mchanga katika eneo hili, kisha ikanasuka maji yalipojaa. Habari za safari hiyo zilizoandikwa na wenzake zinasema wenyeji walifika kwa mashua wakiwa na machungwa mazuri, bora kuliko ya Ureno. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India wakiwa wamepungukiwa na mabaharia, Wareno waliichoma merikebu hiyohiyo kwenye pwani hii na kuendelea na zile mbili zilizobaki.

Jina la nahodha Mreno liko kwenye vitabu vya historia vya dunia nzima. Majina ya wenye machungwa hayako popote. Ndivyo umaarufu unavyogawa mirathi yake: aliyekwama akakumbukwa, aliyeleta matunda akasahaulika. Lakini ukiwa unarudi kupitia Muheza, angalia kando ya barabara. Machungwa yamepangwa kwa mafungu, na muuzaji atakumenyea moja uonje kabla hujanunua.

Pangani: forodha ya nyumbani

Mwisho wa barabara ni Pangani, mji mkongwe ulioko mahali ambapo mto wenye jina hilo unaingia baharini. Maji yake yametoka mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Ng’ambo ya pili ni Bweni. Majumba ya kale yamekaa kando ya mto yakiwa na milango mipana na rangi inayobanduka, kama wazee waliovaa kanzu nzuri za siku nyingi.

Pangani ni moja ya vituo ambavyo Shaaban Robert alifanyia kazi yake ya forodha. Mtoto wa leo huenda hajui forodha ni nini, na hapo ndipo mahali pazuri pa kumweleza. Mali inaposhuka kutoka chomboni, karani hufungua, huhesabu, hupima, huandika. Hii ipite. Hii ilipiwe. Hii irudi ilikotoka.

Nyumba nyingi leo hazina forodha. Kilichoko kwenye simu kinaingia moja kwa moja sebuleni, kinapanda kitandani, kinakaa kati ya mama na mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo unaosema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya kioo cha simu au runinga, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo unasisitiza mtoto acheze, atembeetembee, alale vya kutosha, na mkubwa akae naye amsomee au amsimulie hadithi.

Mzazi akisoma hayo hutikisa kichwa kwa kukubali, kisha humpa mtoto simu ili aweze kumaliza kusoma vizuri.

Forodha hupima pia kinachotoka. Hapa wazazi wengi tumezembea. Mtoto ameanguka kwenye tope, tunapiga picha kwanza, kumwinua baadaye. Amelia kwa sababu ya sindano ya chanjo, tunarekodi. Amekojoa kitandani, tunasimulia kwenye kundi la ukoo lenye watu 85, na mjomba aliyeko Muscat anatuma vicheko. Tunasema ni mapenzi. Mara nyingi ni mapenzi kweli. Lakini jina la mtoto ni mali yake, nasi ni walezi tu wa mali hiyo mpaka akue. Mlezi wa mali ya mtoto hatakiwi kuila.

Wala umaarufu wenyewe si dhambi. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika umaskini, akauza vyungu alivyofinyanga mama yake, kisha sauti yake ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mwandishi hakuona aibu kumsifu mtu mashuhuri. Alichokitazama ni njia aliyopita hata akafika. Siti alianza na sauti na kazi, jina likaja nyuma yake likihema. Sisi tunawatafutia watoto jina kwanza, tukitumaini kazi itakuja baadaye. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hati na Adili

Kuna jambo moja katika maisha ya mwandishi huyu linalomhusu kila mzazi anayeshika ukurasa huu.

Mke wake, Amina, alifariki akiwaacha watoto wangali wadogo. Baba alibaki na huzuni, na pia na hofu ambayo mjane au mgane yeyote anaijua: na mimi nikifa, nani atawaambia yale ambayo nilipaswa kuwaambia? Kwa binti yake, Mwanjaa, alitunga Utenzi wa Hati. Kwa mwanawe, Hussein, alitunga Utenzi wa Adili. Zote mbili ni nasaha za mzazi kwa mtoto: namna ya kumcha Mungu, kuishi na watu na kujitunza. Leo zinasomwa na watu ambao hawakuwahi kumjua Mwanjaa wala Hussein, lakini zilianzia kwenye nyumba moja yenye msiba.

Hakuiacha hofu ibaki moyoni. Aliikalisha mezani akaipa karatasi. Vilevile kwa miaka mingi, kuanzia 1931 hadi 1958, aliandikiana barua na ndugu yake Yusuf Ulenge, na barua hizo zilikuja kuchapishwa kitabu mwaka 2002. Huyu alikuwa mtu aliyezoea kuwaambia jamaa zake mambo kwa maandishi, kwa utaratibu, mwaka baada ya mwaka.

Zipo nasaha ndani yake ambazo mzazi wa leo hataafiki, hasa kuhusu mke na mume. Ni haki yake asiafiki. Mtu wa miaka ya 1940 hawezi kutuandikia kila kitu cha leo, na hilo ndilo linaloturudishia kazi mikononi. Nani anamwandikia binti yako hati ya zama zake? Ukimya wako utajazwa na mtu mwingine, na huyo hakumzaa.

Wengi tunaahirisha. Tunasema watoto bado wadogo. Kisha tunasema wamekuwa wakubwa, hawasikii. Katikati ya kauli hizo mbili palikuwa na miaka kumi, na hakuna anayekumbuka ilipitia wapi.

Lakini nasaha peke yake haitoshi. Baba anayemwandikia mwanawe beti mia za ukweli, halafu simu inapolia anamnong’oneza “sema sipo”, amefuta beti zote mia kwa maneno mawili. Mtoto hasomi tunachoandika mpaka awe ameshasoma tunavyoishi. Kama ni lazima kuchagua kimoja, mwachie mazoea. Kama unaweza viwili, mwachie mazoea na karatasi.

Kabla ya kurudi

Watu wa Tanga wana msemo maarufu kuhusu wageni wao: waja leo waondoka leo. Husemwa kwa mzaha, maana wengi waliokuja kwa siku moja walinogewa wakahamia. Ukikaa kando ya mto Pangani na watoto, ukiwa umeshapita Machui na Tongoni, mzaha huo unakuwa na uzito wake. Wote waliolala kwenye barabara ile walidhani watakaa kidogo zaidi.

Kwa familia itakayofunga safari hii, mambo machache yatasaidia. Ondokeni Tanga asubuhi, jua la Tongoni halina huruma na vivuli ni vichache. Bebeni maji ya kutosha na kofia za watoto. Mkifika kwenye makaburi, salimieni wenyeji kwanza na mwombe kuelekezwa, msiingie kama mnaoingia sokoni. Simu moja inatosha kwa picha, nyingine zikae mfukoni. Na kabla ya kutuma picha yoyote ya mtoto, mwonyesheni mwenyewe mumuulize kama anakubali. Akisema hapana, iwe hapana.

Usiku mkisharejea, watoto wakiwa wamelala na mchanga bado miguuni, chukua daftari la shule lililobaki kurasa tupu. Andika jina la mtoto juu. Chini yake andika jambo moja ambalo ungependa alijue kama usingekuwapo kesho. Usitafute vina. Usimtumie mtu yeyote. Weka tarehe, lihifadhi mahali zinapokaa kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa, na kesho usiku uandike jingine.